Herufi U Iliyobaki Ukutani

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Naandika polepole. Sentensi moja huweza kula mapumziko yangu yote ya mchana, na nikiisoma tena naona haisemi nilichotaka. Halafu mkono wenyewe umechoka kabla ya kuanza, maana kutwa umeshika koleo. Lakini kisa hiki nacho ni cha herufi, kwa hiyo mkikuta iliyozidi au iliyopungua, mnivumilie.

Nilizaliwa kwenye shamba la chai upande wa Kericho, ndani ya nyumba ambayo haikuwa yetu. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa mistari, ndiyo maana tukaziita laini. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, zahanati ya kampuni, na hata duka tulilonunua sukari lilikuwa la kampuni. Asubuhi king'ora kililia, watu wazima wakatoka na vikapu mgongoni kabla umande haujakauka. Baba alikuwa mchunaji. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na hata Jumapili kanisani havikutakata.

Kisha zikaja mashine za kuchuna. Watu wawili wanaishika huku na huku kama machela, inapita juu ya chai ikinguruma, na nyuma yake hakuna cha kuokota. Baba akapunguzwa. Hilo ndilo neno walilotumia, kupunguzwa, kama vile mtu ni kucha. Kwa kuwa nyumba ilikwenda na kazi, tulihama na magodoro juu ya lori, na shule yangu ikaishia hapo.

Nimeyataja haya ili mjue kwa nini niliiogopa mashine ya kwanza niliyoiona Dubai ikishushwa mbele yangu.

Nilikuja huku kupitia kampuni ya usafi. Mama aliponipigia simu mara ya kwanza akaniuliza naishi wapi. Nikamwambia naishi leba kempu, kwa sababu huku kambi ya wafanyakazi kila mtu huiita hivyo.

Akapaza sauti. "Leba? Leba si ni kule wanawake wanajifungulia?"

"Mama, hii ni leba ya kazi."

"Hata ile ni ya kazi, tena kazi kubwa. Wewe utazaa nini huko?"

Nikamsikia shangazi nyuma yake akicheka mpaka simu ikaanguka.

Kampuni ilinipeleka kwenye shule moja karibu na Al Nahda, shule ya mtaala wa Kimarekani yenye watoto wa kila taifa. Mimi na mzee mmoja Mganda tulipewa ghorofa ya chini pamoja na ukumbi. Mzee alikuwa Mwislamu, mcheshi, na aliniita mutabani, yaani mwanangu kwa lugha yao. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kila alipoinama kubandua chingamu chini ya dawati, yalilia kama bawaba kavu, naye akiyakaripia: "Nyamazeni, nyie! Hamjalipwa kuongea."

Msimamizi wetu alikuwa dada wa Nairobi. Kwa kuwa walimu wote wa kike tuliwaita madam, yeye tulimwita Madam Mdogo. Alilijua jina hilo na halikumkera, isipokuwa siku ambazo miguu ilimuuma, nazo zilikuwa nyingi. Naye alichoka kama sisi. Tofauti ni kwamba yeye alichoka akiwa amesimama na simu mkononi.

Mashine ilikuja imefungwa plastiki. Ilikuwa ya kuosha sakafu, yenye kiti, usukani na taa ya manjano inayozunguka kama ya tingatinga. Ukikaa juu yake unapita ukumbi mzima huku inamwaga maji, inasugua na kuyanyonya tena. Tuliizunguka kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani.

"Sikizeni," Madam Mdogo akasema. "Shule imesema kwa hii mashine, huku chini anatosha mtu mmoja. Mwingine anarudi kampuni, kampuni inampeleka saiti. Nitaamua kabla ya wiki kuisha. Na msinisumbue kwa simu."

"Nani atakaa?" mzee akauliza.

"Anayeweza kusoma vitufe." Akanitazama mimi. "Mzee, pole. Kiingereza si chako."

"Mimi nimeendesha maksai wawili na plau, nyabo. Hii haina hata pembe." Nyabo kwao ni kama madam.

Madam Mdogo akacheka bila kutaka, akaenda zake. Mzee hakucheka. Sote wawili tulijua saiti ni nini. Saiti ni mahali pa majengo, na mtu wa usafi huko habebi mopu, anabeba vifusi. Asiyeweza kubeba anakatiwa tiketi ya kurudi kwao, na mzee alikuwa na wajukuu waliosoma kwa mgongo wake. Nami nilikitaka kile kiti. Sitaki kujifanya. Nilikitaka jinsi mtu aliyesimama safari nzima anavyotaka kiti.

Hata hivyo tuliporuhusiwa kuijaribu nilimfundisha, kwa kuwa kukaa tu nikimtazama kulinishinda. Vitufe vilikuwa na rangi. Kijani ni maji, buluu ni brashi, chekundu ni simama. Mzee akavitungia wimbo wa kijinga kwa Kiganda. Alipogonga pipa la taka alilipigia saluti.

Juma hilohilo madam wa historia alikuwa akiandaa maonyesho ukumbini. Yalihusu Marekani ya zamani, ya karne ya kumi na tisa, wakati viwanda vilipoota kila mahali. Watoto walijenga mabomba ya moshi kwa makaratasi, na gari moshi kwa maboksi ya friji. Walitega nyuzi za sufu kwenye fremu ya mbao kuonyesha mashine ya kufuma. Wavulana wanene kwa mito waliyoficha ndani ya mashati walikuwa matajiri wenye makampuni. Wengine walijipaka wanja wa mama zao usoni, nao wakawa wachimba makaa. Sisi tulifagia nyuma yao. Vipande vya karatasi havikuisha.

Msichana mmoja mrefu mwenye miwani alitukuta tukifagia, akasema anahitaji wageni wa kufanyia mazoezi.

"Nyinyi ndio wageni wangu. Simameni hapo."

Tukasimama na mifagio yetu. Alieleza kwa Kiingereza cha taratibu, nami nikamtafsiria mzee nilichoweza. Zamani maji ya mto yalizungusha magurudumu ya viwanda, kisha yakaja makaa na mvuke. Reli ikavuka nchi nzima. Tajiri mmoja alinunua wenzake mpaka mafuta karibu yote yakawa yake, na mwingine akafanya hivyo kwenye chuma. Watu walikuja kwa meli kutoka nchi nyingine, hawajui lugha, wakaingia viwandani. Kengele iliwaamsha, kengele ikawapeleka kula, kengele ikawalaza.

"King'ora," nikamwambia mzee.

Kisha akatuonyesha picha ya nyumba. Zilikuwa ndogo, zinafanana, zimepangwa kwa mistari kando ya mgodi. Nilizitazama mpaka msichana akaacha kuongea. Mimi si mtu wa kuuliza maswali, hata dukani naonyesha kwa kidole. Lakini siku hiyo niliuliza.

"Hizi nyumba za nani?"

"Za kampuni."

"Na duka lao?"

"La kampuni pia. Wengine walilipwa kwa karatasi ambazo hazikununua kitu popote isipokuwa duka hilo."

"Na mtu akifukuzwa kazi?"

"Anatoka kwenye nyumba," akasema. "Yeye na familia. Hata wakati wa baridi."

Nikamtafsiria mzee. Akaikaribia picha, akaitazama kwa jicho moja, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye picha ya arusi.

"Banange!" akasema. "Kumbe Wazungu nao walikuwa na kafeel!"

Kafeel ndilo neno la huku kwa yule aliyekuleta, ambaye ukaaji wako uko chini ya jina lake. Msichana alilitambua kwa sababu ni Mwarabu, akataka kujua mzee amesema nini. Nilipomweleza alicheka hadi miwani ikashuka puani. "Hilo siwezi kulisema siku ya maonyesho," akasema, "lakini nitalikumbuka."

Alasiri, watoto walipokwenda, tulibaki kupanga viti. Ukutani juu ya jukwaa madam na wanafunzi walikuwa wamebandika maneno matatu ya Kiingereza kwa herufi kubwa za karatasi nyeusi. La kwanza lilikuwa mashine, la pili mali. La tatu, kazi, waliandika LABOR.

Nililisoma mara ya kwanza nikalipita. Nikalirudia.

"Mzee, pale pameruka herufi."

"Wapi?"

"Neno la mwisho. Halina U."

Akavuta kadi yake ya kazi iliyoning'inia shingoni. Yeye hakusoma Kiingereza, lakini neno hilo alilijua kwa sura, kama mtu anavyojua mlango wa kwao. Tukaiweka kadi yake kando ya yangu, tukafuata kwa kidole. L, A, B, O, U, R. Zote mbili zilikuwa na U. Tukaangalia ukutani. U haikuwepo.

"Madam amesahau," mzee akasema kwa sauti ya chini, kama vile ukutani pana mtu amelala. "Kesho wanakuja wazazi, anakuja mkubwa wa shule. Watasema nini? Watasema mwalimu hajui kuandika."

"Tumwambie?"

"Umwambie mwalimu kwamba amekosea? Wewe? Hapana, mutabani. Tumsitiri."

Ndivyo alivyosema, tumsitiri, na mimi nikaona ni haki. Huwezi kumwacha mtu atoke nje na karatasi ya chooni imeng'ang'ania kisigino chake. Tulikuta karatasi nyeusi kwenye pipa la taka. Mzee alikata U kwa mkasi wa watoto, ulimi nje. Gundi ya watoto ilikuwa imefungiwa kabatini, basi akaleta gundi ya vigae iliyoachwa stoo na fundi. Nilipanda ngazi mimi, kwa sababu ya magoti yake. Nikazisogeza pembeni O na R kidogo, nikaibana U katikati. Ilikaa upande.

"Imelewa," mzee akasema kutoka chini. "Acha hivyohivyo. Kazi ikizidi mtu huyumba."

Asubuhi yake tulisikia kicheko kabla ya kufika mlangoni. Wanafunzi walikuwa wamekusanyika mbele ya jukwaa, na madam wa historia amesimama, mikono kiunoni, akitazama juu. Madam Mdogo alikuwa ameshaitwa.

"Nani ameweka hii?" madam akauliza.

Mzee akaanza, "Madam, ni mi..."

"Ni mimi, madam," nikasema.

Mpaka leo sijui kama nilisema hivyo kwa ajili yake au kwa sababu ndimi niliyepanda ngazi. Masikio yalipata moto. Nilivua kadi shingoni nikampa, kwa kuwa Kiingereza changu chote kilikuwa kimekimbia. Akaisoma. Akatazama ukutani, akaisoma tena, halafu akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto akacheka, lakini si kicheko cha kudharau. Akatueleza polepole kwamba Waingereza huliandika neno hilo kwa U, na huku nchini hufuata Waingereza. Wamarekani waliitoa U zamani, na shule hii huandika kwa Kimarekani. Kwa hiyo hakuna aliyekosea.

Nikamtafsiria mzee.

"Ala!" akasema. "Hata herufi waliipunguza!"

Yule msichana wa miwani alitaka kujua amesema nini. Nikamweleza, naye akawaeleza wenzake, wakacheka tena, safari hii pamoja nasi. Madam akasema U isitolewe, ibaki palepale, wageni waulizwe kwa nini ipo. Kisha akamgeukia Madam Mdogo.

"Huyu kijana angesimama mbele ya wanafunzi wangu leo, awaeleze kazi yake. Anakoishi, anavyoamka, kila kitu. Dakika chache tu."

Alikuwa na nia njema. Uso wake wote ulikuwa wa nia njema. Madam Mdogo akajibu "Yes, madam," akatabasamu kwa meno tu, akanivuta stoo.

"Unataka kuniponza?" akaniambia, mlango umefungwa. "Kampuni ikisikia umesimama mbele ya watoto wa watu ukieleza kambi, nani ataitwa? Ni wewe? Ni mimi!"

"Sikusema nitaongea."

"Hukusema hutaongea." Akakalia katoni ya sabuni, akavua kiatu kimoja, akakanda kidole gumba. "Sikiza, kijana. Sina ubaya na wewe. Kile kiti nilikuwa nakupa wewe. Nimwambie madam unaona haya, huwezi, yaishe. Wewe unakaa kwa mashine, mzee anaenda saiti. Sema tu."

Ilikuwa kweli naona haya. Hakuna aliyeomba niseme uongo. Ningeitikia kwa kichwa tu, na hiyo ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Lakini kwenye kijidirisha cha mlango nilimwona mzee. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameweka mikono miwili kwenye goti kama mtu anayefunika sufuria isifurike. Nikamkumbuka baba siku ya lori, alivyokaa juu ya magodoro hivyohivyo, mikono imekosa mahali pa kwenda.

"Mzee anajua vitufe," nikasema. "Kwa rangi. Muulize."

Sikuongeza lingine. Sentensi tatu mfululizo kwangu ni siku nzima.

Madam Mdogo aliinuka, kiatu mkononi. Akafungua mlango.

"Mzee! Chekundu?"

"Simama!"

"Kijani?"

"Maji! Na buluu ni brashi, na ya manjano ile juu ni disko."

"Khalas," akasema, akivaa kiatu. Akashusha pumzi ndefu. "Basi kijana ndiye anahamishwa. Nitamwambia madam kampuni imekuita leo hii hii. Hapo hakuna hotuba, na mimi sina kesi. Yalla, kachukue vitu vyako."

Kwa hiyo maonyesho yenyewe sikuyaona. Nilitoka kwa mlango wa nyuma wakati magari ya wazazi yakiingia kwa lango la mbele. Mzee alinisindikiza mpaka kwenye kivuli cha ukuta, magoti hayakumruhusu zaidi. Alitaka kusema jambo la maana, nikaona linamkwama. Mwisho akasema, "Mutabani, unajua kwamba mimi nimekuzidi kwa kuendesha." Nikamwambia najua.

Sasa niko saiti, njia ya kwenda Hatta. Tunaamka giza, basi linatubeba tukiwa tumeegemeana, na tukishuka kila mtu anafunga kitambaa mdomoni. Nabeba vifusi, naosha toroli, nafagia vumbi ambalo linarudi kabla sijageuka. Jua likizidi tunapumzika chini ya turubai, na hapo ndipo naandika haya, daftari gotini, jasho likidondokea maneno. Kuna mashine hapa pia, kubwa kuliko nyumba ya laini. Dereva wake amekaa kwenye kiyoyozi. Sisi tunaokota kinachoanguka nyuma yake. Nimechoka, na sijui nimalizie vipi sentensi hiyo zaidi ya hapo.

Mzee hunitumia sauti kwenye simu. Juzi aliniambia maonyesho yameondolewa, mabomba ya moshi na gari moshi vimetupwa, na herufi zote zimebanduliwa ukutani. Zote isipokuwa moja. Gundi ya vigae haikuachia. Ukuta wa ukumbi ni mweupe mtupu, na katikati juu ya jukwaa kuna U moja, imekaa upande. Mkubwa wa shule amemwambia aiondoe.

"Nimemwambia nitaiondoa," mzee akasema kwenye ile sauti, na nyuma yake nikasikia mashine ikinguruma na maji yakinyonywa. "Lakini ngazi mimi siwezi, hilo wanalijua. Na mashine haifiki kule juu, mutabani. Nimeijaribu. Haifiki."

Nilimweleza mama kisa chote, akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ulizaa huko leba," akasema. "Na mtoto amekataa kutoka." Akacheka, halafu akaniuliza kama nakula. Kiti hakukitaja. Baba alichukua simu, akauliza mashine ya shule hutumia mafuta au betri. Nikamwambia betri. Akasema, "Ahaa," akanirudishia mama.

Ninyi mliosoma hadi hapa, niandikieni. Kama mlikulia kwenye laini kama zetu, au kambi ya reli, au ya mkonge, au ya miwa, niambieni nyumba ilikuwa ya nani na mlihama vipi. Kama mko huku mmeshika mopu au koleo, niambieni mashine gani imewafikia. Na kama kuna anayejua kwa nini Wamarekani waliitoa ile U, aniandikie nimweleze mzee, maana ananiuliza kila juma. Andikeni kwa herufi kubwa, tena zilizoachana. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote.